Ngozi ya Kibarua, Ushahidi wa Damu

Anayeingia zahanati yoyote ya Tunduma, iwe ya serikali au ile ya vyumba viwili nyuma ya duka la simu, hutegemea kutobolewa kidole kabla hajamaliza kueleza kinachomsumbua. Damu inaaminika. Kipimo cha haraka cha malaria kimewazoesha watu kupata jibu chai ikiwa bado ya moto. Kipimo cha VVU, katika mji ambao malori ya Zambia na Kongo hulala foleni usiku kucha, kimewafundisha kwamba tone moja laweza kugeuza maisha. Na kipimo cha Widal, kilichotangazwa na Mfaransa Fernand Widal mwaka 1896, ambacho wataalamu wamesema mara nyingi kwamba peke yake hakitoshi kuthibitisha homa ya matumbo, kimewazoesha jambo la tatu: damu isipokuwa na la kusema, husemeshwa. Ndiyo maana ni nadra mtu kutoka maabara ya uchochoroni bila walau "taifodi kidogo".

Sasa aje saidia fundi ambaye viganja vyake vimepasuka, vinawasha usiku, na katikati ya vidole vinatoa majimaji. Huyo mara nyingi hapimwi chochote. Anapewa tyubu yenye dawa ya fangasi, antibiotiki na steroidi kwa pamoja, kwa imani kwamba kati ya watatu hao hatakosekana mmoja wa kusaidia. Steroidi husaidia kweli, kwa wiki moja au mbili. Ngozi inatulia, kijana anarudi kwenye zege, na mambo yanaanza upya. Au anapimwa, lakini anapimwa VVU, kwa sababu upele katika mji wa mpakani una tafsiri yake tayari. Swali la kazi anayoifanya linaweza lisiulizwe kabisa, ingawa jibu lake limekauka kwenye suruali yake.

Mwaka 1700 Bernardino Ramazzini, daktari wa Modena huko Italia, alichapisha kitabu juu ya magonjwa ya watu wa kazi, akawashauri madaktari wenzake waongeze swali moja katika yale waliyorithi kwa Hipokrate: unafanya kazi gani? Swali hilo halihitaji friji wala umeme. Zaidi ya miaka 300 baadaye, watafiti wa Ulaya, Asia na Marekani wanatafuta namna ya kuielekezea damu swali lilelile. Wanatafuta viashiria, yaani protini, seli au alama za vinasaba, ambavyo vikionekana katika mrija wa maabara vitasema kwamba uvimbe huu wa ngozi umeletwa na kazi, na umeletwa kwa njia gani. Nalichukulia jambo hilo kwa uzito, kwa sababu Songwe, ambamo Tunduma imo, ni mkoa unaoishi kwa mikono. Lakini nadhani damu itajibu machache kuliko inavyotarajiwa, na lile itakalolijibu vizuri zaidi huenda si lile analouliza kibarua.

Mkoa wenyewe ni mchanga. Ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, na ukapewa jina ambalo Mbeya haikuliachia lote: Uwanja wa Ndege wa Songwe uko mkoani Mbeya, na kiwanda cha saruji kilichopo Songwe nacho kiko Mbeya. Upande huu wamebaki watu wa kuibeba hiyo saruji. Tunduma inajengwa kila upande, gesti, maghala na fremu za maduka. Mifuko ya kilo 50 inashuka mabegani mwa makuli, zege linachanganywa chini kwa koleo, na anayelisambaza pengine yuko pekupeku. Wilaya ya Mbozi ni kahawa, na kahawa ni dawa: ya kutu ya majani, ya chulebuni, ya wadudu, zote zikipulizwa kwa bomba la mgongoni ambalo likizeeka huvuja kwenye shati la anayelibeba. Wilaya ya Songwe, kule Mkwajuni na Saza, ni dhahabu ya ukanda wa Lupa, ambako watu walianza kukimbilia tangu miaka ya 1920. Leo kuna makarasha, zebaki, marudio (mabaki ya mchanga uliokwisha kuchenjuliwa) na matangi ya sainaidi. Mjini kuna saluni zenye rangi nyeusi ya nywele ambayo kiini chake, kama kilivyo cha piko, ni kemikali ya PPD, mmoja wa wachokozi wakubwa wa ngozi wanaojulikana. Na katika barabara kuu yanapita makontena ya kobalti kutoka Katanga, madini ambayo nayo husababisha mzio wa ngozi. Yanapita yamefungwa vizuri kuelekea bandari ya Dar es Salaam. Angalau mara hii kupitwa na mali kuna faida yake.

Uvimbe wa ngozi unaotokana na kazi una sura mbili kubwa, na kwa macho zinafanana mno. Ya kwanza ni muunguzo wa polepole: kitu kikali, au hata maji na sabuni visivyoisha, hubomoa tabaka la juu la ngozi mpaka lishindwe kujikarabati. Hapa kinga ya mwili haihitaji kukumbuka chochote. Yeyote atakayechovya mikono vya kutosha ataupata, na makadirio ya vitabuni huipa sura hii karibu visa vinne kati ya vitano. Ya pili ni mzio. Chembe ndogo ya kemikali hupenya ngozi, hujishikiza kwenye protini za mwili, na seli za kinga ziitwazo seli T huisajili kuwa adui. Usajili huo hauna dalili. Mtu anaweza kushika kitu hichohicho miaka mingi kwa amani, kisha siku moja, saa 24 hadi 72 baada ya mguso wa kawaida kabisa, mikono inafura. Tangu hapo hata kiasi kidogo kinatosha, na kwa kawaida kumbukumbu hiyo haifutiki.

Saruji hufanya yote mawili kwa pamoja. Ikiwa mbichi ina ualkali mkali, pH yake ikipita 12, kiasi cha kuunguza goti la fundi aliyepiga magoti juu yake saa kadhaa bila kujua. Ndani yake mna pia kromiamu ya daraja la sita, ambayo Jaeger na Pelloni wa Uswisi waliihusisha na mzio wa mafundi mwaka 1950. Denmark ilianza kuchanganya salfeti ya feri kwenye saruji mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili kuigeuza kromiamu hiyo kuwa ya daraja la tatu, ambayo hupenya ngozi kwa shida. Umoja wa Ulaya ukaweka kikomo cha sehemu 2 kwa milioni kuanzia mwaka 2005. Mzio wa kromiamu kwa mafundi wa huko ukapungua. Hakuna aliyechomwa sindano ili hilo litokee. Kilichobadilishwa ni kilichomo ndani ya mfuko.

Hata hivyo, kutofautisha sura hizo mbili kuna maana kubwa kwa mgonjwa mmoja mmoja, na ndiko hasa watafiti wa damu wanakolenga. Aliyeungua polepole anaweza kupona kwa mafuta mazito, glavu na mapumziko, akarudi kazini. Mwenye mzio wa kromiamu akirudi kwenye zege anarudi kwenye ugonjwa. Kumwambia wa kwanza aache kazi ni kumnyang'anya ugali bila sababu. Kumwambia wa pili avae glavu na aendelee ni kumdanganya kwa upole. Tena glavu za mpira zenyewe hutengenezwa kwa kemikali za kukazia mpira, kama thiuramu, ambazo baadhi ya watu hupata mzio nazo, kwa hiyo yuko mgonjwa ambaye kinga ndiyo inayomuua mikono.

Kipimo kilichopo cha kutenganisha haya kina zaidi ya karne. Josef Jadassohn alikieleza mwaka 1895, na msingi wake haujabadilika: kemikali zinazoshukiwa huwekwa kwenye viraka vidogo, vikabandikwa mgongoni saa 48, kisha daktari anasoma ngozi, na anasoma tena siku ya tatu au ya nne, pengine hata ya saba. Mgongo usilowe, usitoke jasho. Ni kipimo kilichobuniwa kwa mtu mwenye likizo ya ugonjwa. Kuli wa Tunduma ambaye hatoki jasho siku mbili ni kuli ambaye hali siku mbili. Kemikali za viraka huagizwa nje, hutunzwa kwenye friji na zina tarehe ya kwisha. Seti ya msingi ya Ulaya ina vitu kama 30 vilivyochaguliwa kufuata maisha ya Ulaya, vipodozi vyake na vifungo vyake vya nikeli. Viuatilifu vya shamba la kahawa mtu inabidi aviongeze mwenyewe, akijua kipimo sahihi, la sivyo ataunguza mgongo na kuita muunguzo huo mzio.

Lipo pia suala la rangi. Mafunzo ya kusoma viraka yalijengwa juu ya wekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu hujificha. Uvimbe huonekana kama rangi ya zambarau, au weusi uliozidi, au vipele vinavyohisiwa kwa ncha ya kidole kabla ya kuonekana. Msomaji asiyezoea huandika "hakuna kitu" mahali ambapo kipo. Hapo ndipo hoja ya kipimo cha damu inapopata nguvu ya haki kabisa. Damu ya Mnyiha wa Mbozi na ya Mdenmark ni nyekundu sawasawa.

Basi damu ina nini cha kutoa? Kuna kundi la viashiria vinavyoonyesha kwamba ngozi imevimba na kwa kiasi gani. Kinachojulikana zaidi kinaitwa TARC, protini ambayo ngozi yenye uvimbe huitoa ili kuziita seli T. Japani imekuwa ikikitumia hospitalini tangu mwaka 2008 kufuatilia ukali wa pumu ya ngozi: mtoto akizidiwa kinapanda, akipata nafuu kinashuka. Wapo pia ndugu zake wa jamii ya saitokini, zipo seli nyeupe aina ya esinofili, ipo kingamwili ya IgE. Vyote hivi hupima ukubwa wa moto. Aliyewasha kiberiti havimjui. Zaidi ya hapo, pumu ya ngozi hutapakaa mwilini, lakini ugonjwa wa kazi mara nyingi hukaa mikononi. Kiganja kimoja pamoja na vidole vyake ni kama asilimia 1 ya ngozi yote. Viganja viwili vinaweza kumfukuza mtu kazini na bado visiongeze chochote cha maana katika lita tano za damu.

Halafu ije damu yenyewe ya huku kwetu. Katika maabara ya Ulaya, IgE iliyopanda humfanya daktari afikirie mzio, pumu, kurithi ngozi kavu. Katika Songwe, IgE na esinofili zilizopanda humkumbusha mwenye busara kuuliza kwanza kuhusu safura, kichocho na minyoo mingine, kwa kuwa ni minyoo ndiyo mwalimu wa zamani wa sehemu hiyo ya kinga. Mkulima anayetembea peku shambani anaweza kuwa na IgE ya kutisha na ngozi laini kama ya mtoto. Wala si suala la namba peke yake. Minyoo hubadilisha tabia ya kinga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na timu ya Mbeya na Munich, uliofuatilia watu wa Kyela, ulikuta kwamba waliokuwa na minyoo ya matende waliambukizwa VVU zaidi kuliko wasiokuwa nayo. VVU navyo vikiingia huzivuruga hizohizo seli T tunazotaka zitoe ushahidi, na huleta vipele vyake. Kiashiria kilichosanifiwa kwa mafundi wa Ujerumani wasio na minyoo, wasio na VVU, wanaooga maji ya moto kila jioni, hakiwezi kupandishwa basi la Tunduma kikafika kikiwa na maana ileile.

Vinasaba vimekutwa na jambo linalofanana. Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Scotland, walionyesha kwamba hitilafu katika jeni ya filagrini, protini inayoimarisha tabaka la juu la ngozi, huongeza sana uwezekano wa pumu ya ngozi. Kwa Ulaya ilikuwa habari kubwa, na kwa ugonjwa wa kazi ilileta wazo la kuwatambua mapema wenye ngozi dhaifu. Watafiti walipozitafuta hitilafu hizo Ethiopia na kwa Wakhosa wa Afrika Kusini, hawakuzikuta isipokuwa kwa nadra mno. Ngozi za huko zinaugua kwa njia nyingine. Anayeleta kipimo hicho hapa atauza vyeti vya usalama kwa kila mtu, na biashara itakuwa nzuri.

Njia yenye matumaini zaidi ni ya kuziuliza seli T zenyewe. Ikiwa kumbukumbu ya mzio iko ndani ya seli hizo, nazo huzunguka katika damu, basi chukua damu, tenga seli zikiwa hai, uziwekee nikeli au kromiamu, kisha upime kama zinazaana au kutoa saitokini. Hili si ndoto. Kifua kikuu kimepita njia hiyo: kipimo cha Mantoux cha kuchoma mkono na kusubiri siku mbili au tatu kimepata mwenzake wa damu, ambaye hadanganywi na chanjo ya BCG kwa sababu anatumia protini ambazo BCG haina. Na katika afya ya kazini upo mfano ulio wazi zaidi, wa beriliamu, metali iliyotumika katika viwanda vya silaha za nyuklia vya Marekani. Wafanyakazi waliokuwa wakivuta vumbi lake hupimwa damu kuona kama seli zao zinazaana zikikutana nayo, na kipimo hicho hugundua mzio kabla mapafu hayajaharibika. Kwa hiyo mwenye kusema kwamba mzio wa seli T hauwezi kuonekana katika damu anakosea.

Kinachokwaza ni mambo mawili. Protini za bakteria ya kifua kikuu zinatambulika bila utata, lakini metali na kemikali ndogo hazina umbo la kutambulika mpaka zijishikize kwenye protini za mwili, na katika mrija kitendo hicho hakifanani na kile cha ngozini. Ukiweka nikeli kidogo, seli hazijali, ukizidisha, zinakufa, na katikati kuna kanda nyembamba ambamo hata seli za mtu asiye na mzio huchokozeka. Stockholm watafiti wamepima saitokini za namna hii kwa wenye mzio wa nikeli na kupata tofauti za kweli kati ya makundi. Tofauti ya makundi haijatosha kumhukumia mtu mmoja, ila nikeli ndiyo iliyofika mbali zaidi. Kuhusu mamia ya kemikali nyingine za kazini, bado kiraka cha mgongoni ndicho kinachotawala.

Kikwazo cha pili ni muda. Seli lazima zifike maabara zikiwa hai, vema ndani ya saa chache. Watu wakisikia hivyo hudhani tumekwama, kumbe hapa jiografia inatuhurumia. Kutoka Tunduma hadi Mbeya ni kama kilomita 100, na Mbeya kuna kituo cha taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, ambacho kwa miaka mingi kimetenga na kugandisha seli hai kwa ajili ya tafiti za VVU na kifua kikuu. Majaribio ya chanjo ya VVU ya TaMoVac yalifanyika Dar es Salaam na Mbeya, na sehemu ya kazi yake ilikuwa kuhesabu seli T zinazotoa saitokini, ambayo ndiyo kazi ileile. Ujuzi upo saa mbili za barabara, ukikadiria foleni ya malori kwa moyo wa matumaini. Sijasikia aliyewahi kuuelekeza kwenye viganja vya saidia fundi, na sababu si ya kisayansi: VVU vina wafadhili, viganja havina.

Mahali ambapo damu na mkojo vimeshathibitisha kazi yao ni katika kupima kilichoingia mwilini, si uvimbe kilichouleta. Tofauti hiyo husahaulika kirahisi. Mkulima aliyepuliza viuatilifu vya jamii ya oganofosifati anaweza kupimwa kolinesterasi, kimeng'enya ambacho dawa hizo hukibana. Afrika Mashariki imekuwa na tafiti za namna hiyo tangu miaka ya 1990, na katika Tanzania watafiti wa taasisi ya viuatilifu, TPRI, ya Arusha, akiwamo Aiwerasia Ngowi, waliandika juu ya namna wakulima wa kahawa na pamba wanavyoshika dawa hizo. Lakini mankozebu, dawa ya kuvu ya unga wa manjano inayojulikana kwa mzio wa ngozi, haiibani kolinesterasi, na dawa za kopa hali kadhalika. Mkulima wa Mbozi mwenye mikono iliyoharibiwa na dawa ya kuvu atapimwa, ataambiwa damu yake ni safi, na atarudi nyumbani akiwa na cheti cha uzima na mikono ileile.

Zebaki ina mtego wake. Wachenjuaji wa dhahabu wamepimwa zebaki katika mkojo, damu na nywele huko Geita tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Kipimo ni kizuri. Shida ni kwamba zebaki hiyohiyo imo katika baadhi ya sabuni na krimu za kung'arisha ngozi, ambazo zimepigwa marufuku nchini tangu mwaka 2003 na ambazo mpaka wenye njia za panya nyingi hauwezi kujifanya hauzijui. Mwanamke anayeosha marudio Saza na kujipaka mkorogo jioni atakuwa na zebaki ya kutosha kwenye mkojo. Maabara haitasema ipi ilitoka kwenye karai na ipi kwenye kopo. Itabidi aulizwe, na tumerudi kwa Ramazzini. Kuhusu matangi ya sainaidi, kinachowachubua vijana mikono mara nyingi ni chokaa inayotiwa ili kuuweka mchanganyiko katika ualkali wa pH 10 na ushee, gesi yenye sumu isitoke. Hapo hakuna mzio wa kutafuta, wala kiashiria cha kusubiri. Ni muunguzo.

Ipo sehemu moja ndogo ambapo damu hutoa jibu moja kwa moja: mzio wa papo kwa papo. Muuguzi anayefura dakika chache baada ya kuvaa glavu za mpira asilia, au mwoka mikate anayepiga chafya na kupata mabaka akikanda unga, anaweza kupimwa IgE mahususi ya kitu hicho, na matokeo yakaaminika kwa kiasi kikubwa. IgE mahususi ya mpira haichanganyikiwi na minyoo kama ile ya jumla. Ni wachache, lakini wapo.

Turudi kwa nani anayehitaji ushahidi. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kufanya kazi Julai 2015 chini ya sheria ya mwaka 2008, na unalipa kwa magonjwa yatokanayo na kazi, ya ngozi yakiwamo. Mfuko wa aina hiyo lazima uulize: umejuaje kwamba ni kazi? Hapa kipimo chenye namba hupendwa na pande zote, kwa sababu namba hailii wala haijielezi. Mfanyakazi wa mgodi mkubwa kama New Luika ana mwajiri anayechangia, ana daktari wa kujaza fomu, na anaweza kufika mahali ambapo namba hiyo ina kazi. Kuli wa Tunduma, saidia fundi anayelipwa jioni, mpulizaji dawa wa kukodiwa Mbozi, mama wa marudio, hawana mwajiri aliyeandikishwa. Kwao kiashiria kamili kabisa, kisichokosea hata kidogo, kingetoa cheti kisicho na dirisha la kupelekwa.

Ujerumani, ambayo ina mfumo mkongwe wa bima ya ajali na magonjwa ya kazini, ilikuwa na kanuni ya ajabu: ugonjwa wa ngozi ulitambuliwa rasmi kuwa wa kazi pale tu mfanyakazi alipokuwa ameiacha kazi hiyo. Aliyeng'ang'ania, akajitibu na kujikinga, hakuhesabiwa. Kanuni hiyo iliondolewa Januari 1, 2021. Vipimo havikuwa vimebadilika usiku huo. Kilichobadilika ni nani anayekubaliwa kuwa mgonjwa. Songwe tunaifuata kanuni hiyo ya zamani bila kuiandika popote, kwani ngozi ya kibarua hutambuliwa siku anapoacha kuja.

Hofu yangu kubwa iko upande mwingine. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka wafanyakazi wapimwe afya kabla ya kuanza kazi, wakiwa kazini na wanapoondoka, na wakala wa serikali wa OSHA ndio msimamizi. Upimaji huo ni mzuri kwa nia yake. Lakini ndiyo mlango ambao kiashiria cha ngozi kitaingilia kwanza, kwa kuwa hapo ndipo kuna mwenye pesa ya kukilipia. Mwajiri akipata kipimo kinachodai kujua nani ataugua mikono, njia rahisi kwake itakuwa kumwacha huyo nje ya geti, wala si kubadilisha saruji, dawa au glavu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataja VVU na UKIMWI miongoni mwa mambo yasiyoruhusiwa kuwa sababu ya ubaguzi kazini. Ngozi inayoelekea kuugua hakuna aliyeifikiria, na haishangazi, maana kipimo chake hakijafika. Afadhali ingefikiriwa kabla hakijafika.

Wakati huohuo kipo Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi pale KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992 na ambacho huwafundisha matabibu na wauguzi wa nchi nyingi za Afrika kazi ya ngozi. Mhitimu mmoja wa Moshi akiwekwa Vwawa angehitaji friji, sanduku la viraka lililoongezwa kromiamu, PPD na viuatilifu vya kahawa kwa kipimo sahihi, na chumba chenye dirisha la mwanga wa jua. Wagonjwa wake wangebandikwa Jumatatu na kusomwa Jumatano na Ijumaa. Angehitaji pia fungu la kuwalipia vibarua siku mbili za kutotoka jasho, na hilo katika orodha yote ndilo lingezua mjadala mrefu kwenye kikao cha bajeti.